Maswali ya Mezani: Mla Nyama Anapoalikwa Kwenye Mgahawa wa Vigani

Barua zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zimekaribiana kimaudhui kiasi kwamba tumeona afadhali tuzijibu pamoja. Waandishi wake wote ni watu wanaokula nyama na hawana nia ya kuiacha, lakini kila mmoja kwa sababu yake amejikuta mbele ya menyu ya vigani, yaani isiyo na nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Tumezifupisha kidogo bila ya kuzibadilisha maana.

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu nyingi. Rafiki yangu wa miaka mingi ameacha kula chochote kitokanacho na mnyama, na sasa ametualika tusherehekee siku yake ya kuzaliwa katika mgahawa mdogo wa vigani, ule wa kuagiza kaunta na kukaa popote penye nafasi. Mimi ni mla nyama wa mchana na jioni. Nimeipitia menyu yao na nusu ya majina siyaelewi: tofu, tempe, seitani, bakuli la hiki na kile. Sitaki kumvunja moyo rafiki yangu, lakini pia sitaki kuondoka pale na njaa. Niagize nini, na nijiweke vipi? — Mla nyama mwenye wasiwasi

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na jambo litakaloamua kama utatoka umeshiba au la, nalo ni namna utakavyoisoma hiyo menyu. Wala nyama wengi huipitisha macho menyu ya vigani wakitafuta mahali nyama ilipojificha. Wakikuta soseji ya soya au kipande kilichopewa umbo la kuku hukikimbilia, wakakilinganisha na kile wanachokijua tangu utotoni, na tonge la kwanza likishindwa mtihani huo, mlo mzima unakuwa umekwisha kuhukumiwa. Ushauri wangu ni kwamba usiitafute nyama. Tafuta vile vitu ambavyo nyama imekuwa ikikupa bila ya wewe kuvitaja, yaani mafuta, chumvi, ukoko wa kahawia unaoletwa na moto mkali, ile ladha nzito inayobaki ulimini baada ya kumeza, na protini ya kukushikilia hadi mlo unaofuata. Vyote hivyo vinapatikana bila ya mnyama, ila havipatikani katika kila sahani, na hapo ndipo unapotakiwa kuchagua kwa makini.

Ladha nzito hiyo inaitwa umami. Mkemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, aliitambulisha mwaka 1908 alipoitoa glutamati, kitu kinacholeta ladha hiyo, katika mchuzi wa mwani uitwao kombu. Kwa hiyo ladha ambayo mla nyama hudhani ni mali ya supu ya mifupa ilitambuliwa kutoka kwenye mwani. Nyanya zilizokaushwa, sosi ya soya, miso (soya iliyochachushwa na kusagwa) na uyoga vimejaa ladha hiyo. Uyoga wa shiitake uliokaushwa una kitu cha ziada, guanilati, ambacho kikikutana na glutamati huikuza kupita matarajio, na ndiyo maana sahani inayounganisha uyoga mkavu na sosi ya soya au miso huwa chaguo zuri kwa mtu wa aina yako. Ukikuta wamenyunyizia chembechembe za manjano juu ya chakula, yaelekea ni hamira iliyouawa kwa joto, isiyoweza tena kuumua kitu, inayotumika pale ambapo wengine wangekuna jibini. Ladha yake inatokana na glutamati ileile.

Kuhusu ukoko, Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza mwaka 1912 jinsi asidi za amino, yaani vijenzi vya protini, na sukari zinavyoungana kwenye joto na kuzaa rangi ya kahawia, na leo tunajua kuwa harufu nyingi za chakula cha kuchoma au kuoka zinatoka humo. Muungano huo haubagui kati ya mnyama na mmea, lakini hauelewani na maji: chakula kilicho ndani ya maji hakivuki nyuzi 100, wakati ukoko huanza kushika vizuri kuanzia nyuzi 140 hivi. Basi unaposoma menyu, angalia vitenzi kabla ya majina. Koliflawa iliyookwa mpaka kingo zake zikakaribia kuungua inaweza kumtosheleza mtu aliyezoea mbavu. Koliflawa hiyohiyo ikichemshwa, hata mimi ningeomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Sasa hayo majina yaliyokutatiza. Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa kwa kloridi ya magnesi au salfeti ya kalsiamu, kisha yakakamuliwa. Yenyewe haina ladha ya kujivunia, na mpishi asiyelikubali hilo ndiye anayeichafulia jina. Kabla ya kuagiza, tupia jicho sahani za waliotangulia, kwani faida moja ya migahawa ya namna hii ni kwamba meza zimekaribiana. Tofu iliyotendewa haki inajitambulisha yenyewe: imekandamizwa hadi maji yakatoka, ikapakwa wanga wa mahindi, ikakaangwa mpaka pembe zikakakamaa na kugeuka rangi ya kaki, na mtu akiigusa kwa uma utasikia mkwaruzo mdogo kabla ya meno ya uma kuzama katika sehemu laini ya ndani. Ile nyeupe pe inayotetemeka ndani ya mchuzi mwepesi ina wapenzi wake, ila sidhani kama utakuwa mmoja wao siku ya kwanza.

Tempe ni soya nzima zilizofungamanishwa kuwa kipande kimoja na kuvu wa jamii ya Rhizopus, ufundi uliotoka kisiwa cha Java nchini Indonesia. Ina harufu ya uyoga, inatafunika, na ina takriban gramu 19 za protini katika kila gramu 100, ambayo si haba hata ukiilinganisha na nyama. Seitani ni gluteni ya ngano, kile kinachobaki baada ya kinyunga kuoshwa mpaka wanga wote ukatoka. Wapishi wa nyumba za watawa wa Kibuddha nchini China wamekuwa wakiitumia kuigiza nyama kwa karne nyingi kabla ya yeyote kufikiria kufungua mgahawa wa vigani. Kati ya vyakula vyote hivi, seitani ndiyo inayoyapa meno kazi waliyoizoea wala nyama. Kama mgahawa unaiandaa kwa kuichoma, ningekushauri uanze nayo, isipokuwa kama ngano inakudhuru.

Nikutahadharishe na fenesi bichi. Likipikwa na sosi nzito hunyambuka nyuzinyuzi kama nyama iliyopikwa muda mrefu, na wahudumu hupenda kulipendekeza kwa wageni kwa sababu hiyohiyo. Linapendeza mdomoni, sikatai. Tatizo ni kwamba lina kama gramu 2 tu za protini katika gramu 100, kwa hivyo anayelila peke yake ndani ya mkate ndiye yule atakayeanza kulalamika saa mbili baadaye kwamba chakula cha vigani hakishibishi. Liagize ukitaka, lakini ongeza sahani ya maharage au adesi pembeni.

Na hayo mabakuli? Hesabu yake ni rahisi: chini nafaka, juu yake jamii ya kunde, mboga mbichi na za kupikwa, kisha sosi. Litazame bakuli kwa vitu viwili, kunde na sosi. Lisilo na dengu, adesi, maharage, tofu au tempe ni saladi iliyopewa chombo kirefu, na lisilo na sosi yenye mafuta, kama ya tahini (ufuta uliosagwa), korosho au parachichi, litakuchosha kabla hujafika katikati. Vitamu vya mwisho havina haja ya maelezo marefu, kwa kuwa chokoleti nyeusi na nazi hazikuwahi kumhitaji ng'ombe. Ukikuta povu jeupe lililookwa likakauka, ujue huenda limepigwa kutokana na maji ya dengu yanayobaki mkebeni, ufundi ulioanza kuenea baada ya Mfaransa Joël Roessel kuutangaza mwaka 2014.

Umeuliza pia ujiweke vipi. Jiweke kama mgeni mwingine yeyote. Huna haja ya kutangaza kuwa unakula nyama, wala kuomba radhi kwa kuila, na usidhani kila aliyeketi mle ni vigani. Wengine wameingia kwa kuwa wamekipenda chakula, wengine wameletwa na rafiki kama wewe. Usiulize kama kuna jibini "ya kweli". Utani kuhusu kula majani rafiki yako ameshausikia kuliko unavyoweza kukisia, na siku yake ya kuzaliwa si siku ya kuusikia tena. Zaidi ya hapo, chunga sifa zako: kusema "kitamu, kwani nilidhani ni nyama" unakusudia wema, lakini mpishi aliyehangaika na uyoga wake tangu asubuhi angefurahi zaidi kuambiwa kwamba uyoga ni mtamu.

SWALI: Mhariri, nilinunua burger ya mimea baada ya kuhakikishiwa na muuzaji kwamba hata mla nyama hawezi kuitofautisha. Niliitofautisha kabla sijaimeza. Kwa nini wanahangaika kuiga nyama ambayo wenyewe hawaitaki? Na je, angalau ni bora kwa afya? — Nimedanganywa

JIBU: Pole, ndugu msomaji, ingawa lawama nyingi ningemtupia aliyekuahidi kuliko kilichopikwa. Wanaoacha nyama si lazima wawe wameichukia ladha yake. Wengi wameiacha kwa ajili ya wanyama, mazingira au imani. Jumuiya ya kwanza ya vigani iliyoundwa Uingereza mwezi Novemba 1944, Donald Watson akiwa miongoni mwa waasisi wake, ilijitenga na walaji mboga wa kawaida kwa sababu ya maziwa na mayai, na katika hoja zao hamkuwamo kwamba vitu hivyo havina utamu.

Zipo burger za aina mbili, na wahudumu hawazitofautishi ipasavyo. Ya zamani ni kitonge cha maharage, dengu, uyoga, nafaka au kiazisukari chekundu, ambacho hakimwigi mtu. Ya pili imetengenezwa kiwandani kwa lengo la kuiga. Ile ya kampuni ya Impossible Foods, iliyoanza kuuzwa New York mwaka 2016, hutumia lehemoglobini, protini yenye chuma inayopatikana katika vinundu vya mizizi ya soya na ambayo wao huizalisha kwa hamira. Chembe ya hemu iliyomo ndiyo inayofanana na ile inayoipa nyama ya ng'ombe wekundu wake na sehemu ya harufu yake. Beyond Meat wao wamejenga burger yao juu ya protini ya njegere na kuitia rangi kwa kiazisukari.

Kuhusu afya, sitakupa jibu la kukufurahisha. Hazina kolesteroli na zina nyuzinyuzi za mimea, ambazo nyama haina hata chembe. Lakini kipande cha Impossible cha gramu 113 kina sodiamu ya takriban miligramu 370, ilhali nyama mbichi ya ng'ombe ya uzito huo isiyotiwa chumvi haifiki miligramu 100. Kweli, hakuna anayekula burger ya nyama bila ya kuitia chumvi, kwa hiyo tofauti hiyo hupungua mezani. Anayeshauriwa na daktari kupunguza chumvi asidhani tu kwamba neno "mimea" limemaliza kazi. Kwa upande wangu, katika mgahawa wa kawaida ningeagiza ile ya zamani, ya maharage au uyoga, iliyotengenezwa jikoni humo humo, kwa sababu ile ya kiwandani utaikuta vilevile popote duniani na mpishi hana alichoongeza zaidi ya kuigeuza.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi, na karibu na tunaposomea kuna mgahawa wa vigani ambao sisi tusio vigani tunaupenda kwa kahawa na utulivu wake. Kahawa yangu ya maziwa ya soya ilikatika ikawa mabonge. Je, maziwa yalikuwa yameharibika, na nilipaswa kuirudisha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yaelekea hayakuharibika. Protini za soya hugandamana zikikutana na asidi na joto kwa pamoja, na kahawa ina vyote viwili. Tofu yenyewe hutokana na soya kugandishwa kwa njia isiyo mbali sana na hiyo. Maziwa ya lozi nayo hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana yapo maziwa ya mimea yaliyotengenezwa mahsusi kwa wauza kahawa, yaliyoongezwa chumvi za fosfati zinazopoza ukali wa asidi. Kuirudisha kwa upole ni haki yako, na mwenye mgahawa anayejua kazi yake ataibadilisha bila ya mjadala. Safari nyingine omba maziwa ya oti, ambayo hayana tabia hiyo sana na yana utamu wake wa asili: katika utengenezaji wake vimeng'enya huvunja wanga wa oti kuwa sukari ya maltosi, njia iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, katika miaka ya 1990. Ukibaki na soya, chagua kahawa iliyokaangwa sana, kwani huwa na asidi kidogo.

SWALI: Ndugu Mhariri, idara yetu imechagua mgahawa wa vigani kwa chakula cha mchana kwa sababu wenzetu wawili hawali nyama. Mwenzetu mmoja ameapa kwamba atakuja na kuku wake kwenye kontena. Tumweleze nini?

JIBU: Mwelezeni kwamba haiwezekani, na mmweleze mapema, si mlangoni. Migahawa mingi hairuhusu chakula cha nje hata kama ni cha mboga, na jiko ambalo wateja wake wanaliamini kwa kuwa halina nyama lina sababu ya ziada ya kukataa. Kama hataki kabisa, ale kabla ya kuja, kisha aagize kahawa na kitamu akae na wenzake. Hilo halimwaibishi mtu katika sehemu ya kuagiza kaunta. Wenzenu hao wawili wameketi mara ngapi mbele ya saladi na chipsi katika migahawa mliyoichagua ninyi? Mwulizeni hilo pia, kwa utaratibu.

SWALI: Mhariri, kila nikila huko tumbo linajaa gesi hadi jioni. Je, mwili wangu umekataa chakula cha mimea?

JIBU: Haujakataa, umeshtukizwa. Kunde zina sukari za rafinosi na stakiosi, ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzimeng'enya, hivyo hufika utumbo mpana zikiwa nzima na bakteria wakazigeuza gesi. Anayekula kunde mara kwa mara huzoea. Kwa sasa epuka sahani ya maharage na dengu kwa pamoja, uchague tofu, ambayo sehemu ya sukari hizo imeondoka na maji yaliyokamuliwa, au tempe, ambayo kuvu wamekwisha kuzipunguza. Tumbo likiuma sana au hali hiyo ikiendelea hata usipokula kunde, mwone daktari.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa miaka saba ana mzio wa maziwa ya ng'ombe. Sisi nyumbani tunakula nyama, lakini nimeanza kumpeleka mgahawa wa vigani nikiamini kwamba huko yuko salama. Shemeji yangu ananiambia nisiamini sana. Nani ana haki? — Mama wa mtoto mwenye mzio

JIBU: Mama, wazo lako lina mantiki, lakini shemeji yako ana haki zaidi. Katika jiko lisiloingiza maziwa kabisa, hatari ya kijiko kilichochovywa kwenye siagi kuhamia sahani ya mwanao ni ndogo kuliko katika jiko la kawaida. Hata hivyo, chakula cha vigani maana yake ni kwamba maziwa si kiungo chake. Si hakikisho kwamba hakuna hata chembe. Chokoleti nyeusi ndiyo ya kuangalia kwanza, maana mara nyingi hutengenezwa kwenye mitambo inayopitisha pia chokoleti ya maziwa, na mgahawa huinunua ikiwa tayari.

Lipo na lingine. Jiko lililoondoa maziwa na mayai limejaza pengo hilo kwa korosho, soya, ngano, ufuta na lozi, na vyote hivyo ni miongoni mwa vyakula vinavyosababisha mzio mara nyingi. Krimu, jibini na sosi nyeupe za vigani mara nyingi ni korosho zilizosagwa, hata pale ambapo jina la chakula halizitaji. Baadhi ya watoto wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe huathiriwa na soya pia, na mwenye mzio wa korosho huwa hatarini mbele ya pistachio. Kama mwanao hajawahi kupimwa kwa hivyo vingine, zungumza na daktari wake kabla ya ziara nyingine, na dawa yake ya dharura, kama ameandikiwa, isibaki nyumbani.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, hata chakula kisichofungashwa ni lazima mteja aweze kupata taarifa kama kina kimojawapo cha vizio 14 vilivyoorodheshwa. Popote ulipo, uliza mambo matatu kaunta kabla ya kulipa: sosi imetengenezwa kwa nini, mashine ya kusagia korosho huoshwa kabla ya kusagia kitu kingine au la, na mafuta ya kukaangia ni ya vitu gani. Mhudumu akijibu "nadhani hamna", mwombe akamuulize mpishi, na mpishi naye akisitasita, mchagulie mtoto tunda zima ambalo utalimenya mwenyewe.